Jina Ambalo Kahaso Hakuuliza

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Kahaso alimpelekea shangazi yake chakula cha mchana kazini. Siku hiyo ilikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Alipanda kilima cha Jomvu Kuu polepole, kikapu mkononi, huku upepo wa kaskazi ukimpiga vumbi usoni. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka uanze, na nyasi za mteremkoni zilikuwa zimekauka kabisa.

Shangazi Linda alifanya kazi katika kituo kidogo cha kuzuia moto wa vichakani. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja tu: meza, simu, redio ya mawasiliano, na dirisha kubwa lililotazama mikoko hadi kule kwenye winchi za bandari ya Kipevu. Nje liliegeshwa lori la maji. Kila kiangazi mtu alichoma taka akaenda zake, au mrina asali aliacha kijinga kinafuka, na moto ukatambaa kwenye nyasi hadi kwenye nyumba za watu.

Shangazi Linda hakuwahi kuzima moto hata mmoja kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuwatuma wanaozima.

"Mimi sibebi mpira wa maji," alipenda kumwambia Kahaso. "Mimi nabeba habari. Habari ikimwagika njiani, hawa vijana watakwenda kuzima hewa."

Kahaso, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Aliketi pembeni ya meza akimsikiliza shangazi akiuliza maswali yale yale kila simu ilipolia: Unaitwa nani? Uko wapi hasa? Moto unaelekea upande gani? Nayo haikuwa kazi nyepesi, maana watu wa Jomvu, Mungu awabariki, hawakubali kuruka salamu. Nyumba inawaka na mtu bado anataka kujua umeamkaje, watoto hawajambo, na mama amepata nafuu ya miguu. Shangazi Linda aliitikia salamu moja, kisha akaingiza swali lake katikati bila kumuudhi mtu.

"Shangazi, na mimi siku moja nipokee," Kahaso alibembeleza.

"Siku moja ni ndefu. Ngoja ifike."

Ikafika siku hiyo hiyo. Mfereji wa nje ulianza kutoa maji ghafla, na maji ya mfereji Jomvu yakitoka huyaachi yaende, kwani hujui yatarudi lini. Ishaka, kiongozi wa kikosi, aliita kwa sauti kwamba mikono haitoshi kujaza mapipa. Shangazi Linda alitazama simu, akamtazama Kahaso.

"Ikilia, ichukue. Maswali unayajua. Kisha uniite mbio."

Akatoka. Hata viatu vyake havijafika kwenye mfereji, simu ikalia.

"Haloo?"

"Haloo, mwanangu. Hujambo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye kukwaruza.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Wazazi hawajambo? Nakwambia, mwanangu, moto waja mbio. Watoka huko kwenye mikoko, waja kwangu. Nina mgonjwa kitandani, hawezi kuinuka. Mimi nyanyako hapa chini. Waambie waje, mwanangu, waje upesi."

Kahaso alifungua mdomo ili aulize, "Unaitwa nani?" Akajizuia. Wiki iliyopita mzee mmoja alibisha hodi nyumbani kwao, naye Kahaso akamuuliza hivyo hivyo, "Wewe ni nani?" Baba yake, Gona, alimkaripia mbele ya mgeni. Mtu mzima haulizwi hivyo, alisema. Hata kama humjui, unamkaribisha kwanza. Tena huyu alikuwa amekwisha kusema kwamba yeye ni nyanya yake. Angemwambiaje kwamba hamjui?

"Ndiyo, nyanya," Kahaso alisema. Simu ikakatika.

Alisimama na simu mkononi akiitafuta ile sauti kichwani mwake. Sauti ya kukwaruza, ya nyanya. Bibi Mwidani! Yule anayeuza mbaazi na mahamri karibu na shule, naye sauti yake hukwaruza vile vile. Bila shaka alikuwa ni yeye.

"Shangazi! Moto!"

Shangazi Linda alikuja akidondosha maji. "Wapi?"

"Kwa Bibi Mwidani. Unatoka kwenye mikoko. Ana mgonjwa ndani."

"Amesema mwenyewe kuwa ni Mwidani?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Lakini shangazi alikuwa akimtazama, na Ishaka alikuwa mlangoni akisubiri, na Kahaso hakutaka kuonekana mtoto aliyeshindwa kazi aliyoiomba mwenyewe.

"Nina hakika," alisema.

Lori likaondoka likinguruma, Ishaka na wenzake wameng'ang'ania ubavuni, dereva wao Kioko akipiga honi kuwatimua mbuzi barabarani. Kahaso alijisikia mkubwa. Alipakua wali kwenye sahani, akamsogezea shangazi, naye shangazi akala huku jicho liko kwenye redio.

Haikupita muda, redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Ishaka.

"Dada Linda, tumefika kwa Bibi Mwidani. Yuko barazani anachambua mbaazi. Anatuuliza moto gani."

"Tazama nyuma ya nyumba."

"Nimezunguka kote. Wallahi hapa hakuna hata moshi wa jiko. Wala hana mgonjwa."

Shangazi Linda aliweka kijiko chini na kusonya. "Basi wametuchezea tena. Watoto wa siku hizi wakipata simu hawana kazi nyingine! Huyu amejua hata kuigiza sauti ya kizee." Akavuta redio karibu. "Ishaka, msipoteze maji bure. Nilipigiwa simu asubuhi, kuna nyasi zinafuka kidogo kando ya reli, mbali na nyumba. Geuzeni lori muelekee huko."

"Sawa. Tunageuza."

 Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa mbele ya Kahaso. Shangazi alikuwa amekwisha kumpata mkosaji, mtoto fulani mtundu asiyekuwepo, na hakuna ambaye angejua zaidi ya hapo. Angenyamaza tu, amalize wali, arudi nyumbani. Lakini ile sauti haikuwa ya kuigiza. Nyanya yule alikuwa akihema alipozungumza. Mahali fulani huko chini palikuwa na mtu kitandani asiyeweza kuinuka, na lori la maji lilikuwa likigeuzwa liende kwenye reli.

"Shangazi, usiwaache waende!"

"Nini?"

"Si mchezo. Ni nyanya kweli. Lakini sijui ni nani. Sikumuuliza jina. Niliona haya, nikakisia." Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. "Nilikudanganya niliposema nina hakika."

Shangazi Linda alimtazama, na Kahaso aliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alingoja kofi, au angalau maneno makali. Hayakuja. Shangazi alibonyeza redio.

"Ishaka, simama hapo hapo! Acha reli. Moto upo ila hatujui uko wapi. Mtume mtu mmoja apande mahali pa juu atazame moshi." Kisha akamsukumia Kahaso simu. "Namba yake imo humo. Piga. Mimi siwezi kuacha redio. Na safari hii umuulize."

Kahaso alipiga. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita tena mpaka mwisho.  Shangazi alikuwa amesimama dirishani akitafuta moshi, lakini upepo ulikuwa ukiulaza moshi wowote chini kwa chini kati ya minazi. Kahaso akapiga mara ya tatu, akiomba Mungu kimoyomoyo.

"Haloo!" Nyanya alikuwa akikohoa. "Mbona hamji, mwanangu? Moto umeshika nyasi za ua!"

"Nyanya, nisamehe. Mimi sikujui. Naomba uniambie jina lako na mahali unapokaa."

 Palisikika mlio wa vitu vinavyopasuka.

"Hunijui mimi?" nyanya alishangaa. "Jomvu hii kuna asiyenijua?"

"Sikujui, nyanya. Tafadhali."

"Mimi Mwanatumu, mke wa Abdulghani, fundi majahazi. Nakaa mwisho wa njia ya wavuvi, chini ya mnara wa simu. Bati langu jekundu."

"Kioko anapajua!" alisema Shangazi Linda, kwani Kahaso alikuwa akiyarudia maneno yale kwa sauti. Mara akaivuta redio. "Njia ya wavuvi, mwisho kabisa, chini ya mnara. Kwa fundi Abdulghani. Kuna mgonjwa ndani, mtoeni kwanza. Kimbieni!"

Baada ya hapo hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Watu hudhani kazi ya kupokea simu ni maneno tu, kumbe sehemu kubwa yake ni kukaa umenyamaza mbele ya redio iliyonyamaza. Kahaso aliketi ameyafumbata magoti yake. Shangazi hakumbembeleza wala hakumgombeza, na wali ukapoa mezani.

Redio ilipokoroma tena, Ishaka alikuwa akihema.

"Mzee tumemtoa na godoro lake. Yuko salama. Nyumba tumeiwahi. Jiko la makuti limekwisha, na banda la kuku nalo. Alhamdulillahi."

Hapo ndipo Shangazi Linda alipokaa chini. Alijifuta uso kwa leso. Kahaso alianza kulia upya.

Alasiri, mfanyakazi mwenzake alipokuja kupokea zamu, Shangazi Linda alimshika Kahaso mkono, wakateremka njia ya wavuvi. Ua wa Mwanatumu ulikuwa mweusi mpaka kizingitini. Mahali palipokuwa jiko palibaki mafiga matatu na sufuria moja iliyopindika. Mzee Abdulghani alikuwa amelazwa barazani kwa jirani, macho yake yako juu ya vijana waliokuwa wakimwagia maji vijinga vya mwisho.

Ishaka aliwaona, akaja akijipangusa masizi. Aliongea na shangazi, lakini alihakikisha Kahaso anasikia.

"Moto tuliukuta dirishani mwa chumba cha mzee. Tungekwenda relini, dada Linda, saa hizi tungekuwa matangani."

Mwanatumu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imejaa majivu, kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, bado iko mkononi. Kahaso alimwendea, akapiga magoti.

"Shikamoo, nyanya. Ni mimi niliyepokea simu."

"Marahaba. Ndiwe uliyeniuliza jina?"

"Ndiyo. Lakini mara ya kwanza sikukuuliza. Nikasema wewe ni mtu mwingine, nao wakaenda kwake. Ndiyo maana walichelewa. Nisamehe, nyanya."

Mwanatumu aliweka simu mkekani. "Na kwa nini hukuuliza?"

"Niliona ni kukosa adabu. Baba alinikanya."

"Haya. Jiko langu limekwenda. Kuku wangu wamekwenda, na palikuwa na mmoja aliyekuwa akiatamia. Sitakwambia kwamba si kitu, mwanangu. Ni kitu." Akakohoa, akavuta pumzi. "Lakini mume wangu yuko pale, anapumua. Baba yako alikufunza adabu, na alifanya vyema. Ila mimi nami nina kosa langu. Nilidhani Jomvu nzima yanijua, nikasema tu mimi nyanyako. Manyanya tuko wangapi hapa? Mtu mzima asipojitaja, muulize. Muulize kwa heshima, muulize mara mbili. Mwenye akili zake hatakasirika, na akikasirika atapoa baadaye, akiwa hai."

"Nimesikia, nyanya."

"Nimekusamehe. Inuka, magoti yako yaingia majivu."

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi, Shangazi Linda alitangulia hadi wakapita mnara wa simu. Kisha akapunguza mwendo.

"Nami nilikosa," alisema. "Kazi yangu nilimwachia mtoto kwa ajili ya maji ya mfereji. Hilo nitamweleza mkubwa wangu kesho, wala sitalipunguza. Wewe nawe usikie. Kutouliza lilikuwa kosa, lakini kosa la kutouliza lingerekebishwa pale pale kama ungesema hujui. Ningepiga namba ile, tukampata kabla moto haujafika uani. Uliposema una hakika, ulitufunga macho sote. Katika kazi hii, na katika kazi yoyote, mtu anayesema 'sijui' namsikiliza na namwamini. Anayejitia kujua ndiye anayeniogopesha."

"Na niliposema kweli?"

"Uliposema kweli hukuwa umelazimishwa na mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekufungulia mlango wa kutorokea, nawe hukutoka. Mzee Abdulghani atalala kitandani kwake leo kwa sababu hiyo. Hilo nalo ulijue, usije ukabeba lile la kwanza peke yake."

Kahaso alijifuta macho kwa ncha ya kanga aliyojifunga. "Shangazi, Jumamosi ijayo nitaruhusiwa kushika simu?"

"La. Jumamosi ijayo tutakwenda kwa Nyanya Mwanatumu, wewe na mimi na baba yako, tukamsukie makuti ya jiko jipya. Na utampelekea tetea mmoja katika kuku wako."

Kahaso alikuwa na matetea wawili tu, na wote aliwapenda. Aliwaza kidogo njiani, akichagua.

"Nitampa yule anayetaga," alisema.