Kiti cha Mwasisi

Juisi ilikuwa imepungua. Si sana, kidole kimoja hivi, lakini kikombe kile hakikuwa cha mtu.

Thomas ndiye aliyekiona kwanza. Akacheka. "Mwalimu, una kiu kiasi hicho?"

"Mimi tena?" Abdulrazak akainua kikombe chake. "Changu hiki hapa."

Sia naye alikuwa na chake mkononi. Kile cha nne, cha rozela nyekundu, kilikuwa mbele ya kiti kitupu.

Kila Jumapili saa kumi jioni watumishi hawa watatu, wote wameletwa Bariadi kwa uhamisho, walikutana kwenye nyumba aliyopanga Thomas mtaa wa Somanda, wakacheza. Thomas, afisa kilimo, ndiye aliyeutunga mchezo: dadu, daftari, na Dhehebu la Kiu, dini ya wanyonya damu ambamo kila mchezaji alikuwa muumini. Watu wazima na digrii zao, wanajifanya mumiani! Lakini Jumapili ya ugenini ni ndefu, na mchezo wenyewe ulinoga. Ibada ilianza kwa salamu: unamshika mwenzako mkono, unaugeuza, unambusu kifundoni upande wa ndani, pale mshipa unapopiga. Kisha mnamwaga tone la juisi sakafuni na kumwita mwasisi mara tatu. Mwasisi hakuigizwa na mtu. Alitengewa kiti na kikombe, basi.

Jina lake lilikuwa Bujiku. Thomas alilikuta limechorwa kwenye saruji ya kaburi nyuma ya nyumba, siku moja alipokuwa akianika nepi za mwanawe. Lilimpendeza. Hakumuuliza mtu.

Jumapili ya pili kikombe kilishuka hadi nusu, na sebule ikanuka udongo mbichi kana kwamba mtu amechimba chini ya meza. Chumbani mtoto wa Thomas, Goodness, wa miezi mitano, alikuwa akilia mikononi mwa mama yake. Walipoita jina mara ya tatu, kilio kilikatika. Katika ukimya ule wakasikia mtu akimeza, taratibu, funda baada ya funda.

"Mmesikia?" Sia alinong'ona.

Thomas alifunga daftari. Mchezo ukaishia hapo, na hawakuurudia tena.

Ila mwenzao wa kiti kitupu hakuacha kuja. Jumapili iliyofuata, meza ikiwa tupu, hakuna dadu wala juisi, saa kumi ilipogonga kiti kililia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito, harufu ya udongo ikajaa hadi kooni, na Thomas aliyesimama mlangoni akashindwa kuingia na akashindwa kukimbia, kwa sababu chumbani mtoto alikuwa ameshaacha kulia na ile sauti ya kumeza safari hii ilikuwa inatokea huko huko, kitandani, karibu kabisa na shingo ya mwanawe.

Sia, ambaye kazi yake ilikuwa maabara, alimpima mtoto kesho yake. Damu nane tu, chini ya kawaida. Wiki iliyofuata, sita. Wakamwongezea damu Jumamosi, na Jumatatu ikawa imerudi pale pale.

"Siyo malaria," alimwambia Thomas kwa sauti ya chini, macho yakiwa mekundu. "Siyo selimundu. Sijui inakwenda wapi, kaka. Ikishuka tena tunampoteza."

Honorata, mke wa Thomas, hakuwahi kucheza na hakujua lolote la ibada zao. Yeye alichokiona ni midomo ya mwanawe kuwa myeupe. Akamwita mwenye nyumba.

Bi Milembe alikuja mchana, vumbi la shamba la pamba likiwa bado miguuni. "Mwadila," alisalimia, lakini alipokiona kile kiti alisimama. "Nani mmemkalisha hapa?"

Thomas alimvuta kando, akamweleza. Alieleza huku ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Bujiku ni mdogo wake baba yangu," alisema Bi Milembe polepole. "Alikufa hajaoa. Hana mtoto, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Mmemwita, mmemtilia kinywaji chini, mkaacha. Sisi tukimwaga chini tunamaanisha, ng'wanawane, mwanangu. Sasa amekuja kwenu kuomba jina."

"Akipewa?"

"Ametulia. Anakuwa mlinzi wa mtoto. Wangapi hapa wamepona hivyo!"

Thomas alitaka kufurahi, ila ukurasa wa tisa wa daftari ulimjia kichwani. Aliuandika mwenyewe, na aliuonea fahari siku ile: *Atakayepewa jina la mwasisi, huyo ndiye mwasisi.* Je, aliyekaa kwenye kiti ni yule marehemu mwenye kutaka jina tu, au ni yule waliyemtunga wao? Alifungua mdomo. Kisha akamwangalia mwanawe anavyotafuta pumzi, akaogopa mno kumpoteza. Akanyamaza.

Bi Milembe alimvisha mtoto ushanga mkononi, akampulizia maji kifuani. "Bujiku," akaita. "Jina lako hili hapa. Kaa kwa amani."

Mtoto akavuta pumzi ndefu. Kabla jua halijazama alikuwa ananyonya.

Damu ikapanda hadi tisa, kisha kumi na moja. Thomas alichoma daftari jikoni. Nyumba ilirudi kucheka, hasa Bi Milembe alipopita na kukasalimia kale katoto ka kike, "Shikamoo, baba mdogo!" Hata Thomas alianza kulala.

Mwezi ulipita. Jumapili moja, saa kumi, Honorata alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mtoto mapajani. Wiki nzima alikuwa akilalamika kizunguzungu. Mtoto alimshika mkono mama yake, akaugeuza, akaweka midomo kifundoni, upande wa ndani.

"Jamani, baba Goodness, ona!" Honorata alicheka, uso umempauka. "Ananibusu. Umemfundisha wewe?"

Mtoto alikuwa amemkazia Thomas macho, midomo ikiwa bado pale pale, na koo lake dogo lilikuwa likipanda na kushuka.