Sarafu za Chumba cha Boma

JUMAMOSI, SAA TISA ALASIRI

Swedi alichora boma la Dodoma kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia nyama. Walikuwa wanne, chumba cha nyuma nyumbani kwa Waridi, dirisha limezibwa gunia.

"Lango hili. Ua huu. Hiki chumba cha sarafu. Keshokutwa sikukuu ya Kaisari. Saa sita juu ya alama askari wote wako uwanjani, watapiga bunduki za heshima mara tatu. Mlio wa kwanza?"

"Kufuli la mlango," akasema Makame.

"Wa pili?"

"Kioo."

"Wa tatu?"

"Wa tatu mmeshatoka," akasema Waridi. "Mlango wa jikoni nitauacha wazi. Mkichelewa, shauri yenu."

Waridi alikuwa mpishi wa Wazungu pale bomani, akitukanwa asubuhi na jioni. Makame alikuwa fundi chuma, mtu wa Unguja, kafukuzwa kazi ya reli. Swedi alikuwa mnyapara wa misafara, watu mia nne nyuma yake toka Bagamoyo hadi Tabora. Reli ikaja. Nani tena atembee kwa miguu? Mtu mzima akabaki anauza kamba sokoni.

Wa nne ni Bartolomayo. Mgogo huyu alisomeshwa Kijerumani pwani, akawa karani wa mizigo stesheni mpaka siku alipochapwa viboko na kutupwa nje. Kazi yake ilikuwa kusoma. Mzungu mmoja msafiri alishuka na sanduku la fedha za kale, za Warumi, za Waarabu, za Kilwa, akazipanga bomani watu wazitazame kwa ajili ya sikukuu. Kila sarafu ina kikaratasi chake. Karani asome, aseme ipi ya kubeba na ipi ya kuacha.

Sasa nikwambie ambalo Swedi hakulijua. Milango miwili kutoka chumba kile cha sarafu palikuwa na gereza, na ndani yake Sila, mdogo wake Bartolomayo, tumbo moja. Sila alimpiga rungu askari aliyekuwa anaswaga ng'ombe wao. Askari akafa. Jumanne alfajiri Sila ananyongwa.

Mtu peke yake haingii bomani. Wezi wanne wanaingia. Hakuwaambia, na sijui kama wewe ungewaambia.

JUMAPILI, SAA NNE ASUBUHI

"Mikono nyuma!" Shaushi wa askari alikuwa mlangoni na kiboko chake. "Tazama, pita! Tazama, pita!"

Foleni ilizunguka ua. Ndani, meza ndefu, kitambaa chekundu, kioo. Mzungu mwenye mali alikaa kwenye kiti anafuta miwani. Mbele ya Bartolomayo mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliinama, akacheka.

"Mbona vichwa tu? Miili wameipeleka wapi?"

"Pita, mama!"

Bartolomayo akainama naye. Dhahabu ishirini zilimetameta, kila moja na uso wa mfalme aliyekwisha kuoza. Akasoma kikaratasi cha kwanza. Akasoma cha pili. Chini kabisa, herufi ndogo kama chawa: *ya kuigiza, yenyewe ipo Berlin*. Cha tatu hivyo hivyo. Zote ishirini. Sarafu za kweli mezani pale zilikuwa za Kilwa tu, shaba nyeusi, nyembamba, upana wa kucha, ambazo hata mtoto asingeinama kuziokota.

Akisema kweli, Swedi ataahirisha. Swedi akiahirisha, Sila amekufa.

Nje, Swedi alimsubiri kwenye kivuli cha ukuta.

"Enhe?"

"Dhahabu."

"Zote?"

"Zote, kaka Swedi. Zile nyeusi ziache."

Swedi akamshika bega, akalibonyeza kama baba. "Miaka mitatu nauza kamba, Karani. Mungu akuweke."

Bartolomayo aliona haya mpaka macho yakamuwasha.

JUMATATU, SAA SITA KASORO DAKIKA KUMI

Jikoni. Nyama ya sikukuu motoni inachuruzika mafuta. Waridi hatazami mtu. Nje ngoma, tarumbeta, watoto wa shule wanaimba. Bomani kabaki askari mmoja langoni, naye shingo kaielekeza uwanjani.

"Karani unakaa ukumbini," Swedi akanong'ona. "Ukiona mtu, kohoa."

Bartolomayo akaitikia kwa kichwa. Chini ya kanzu alikuwa na nyundo yake, mbali na ile ya Makame.

SAA SITA KAMILI

Mlio wa kwanza. Makame akapiga. Kufuli likaanguka.

Mlio wa pili. Kioo. Swedi alizoa kwa mikono miwili, dhahabu kwenye mkoba, shaba sakafuni. Aligeuka kumwita Karani waondoke.

Karani hakuwepo.

Mlio wa tatu, na Bartolomayo akalivunja kufuli la gereza.

Harufu kwanza. Halafu macho. Wanaume wanane wamekaa chini wameegemea ukuta, kila mmoja na pete ya chuma shingoni, na mnyororo mmoja umepita pete zote nane. Kufuli la mnyororo lilikuwa upande wa mlango. Sila alikuwa wa mwisho, pembeni kabisa.

"Kaka?"

Lo! Hilo hakuliwaza. Mwezi mzima alipanga milango, hakuupanga mnyororo. Ili Sila atoke, lazima mnyororo uchomolewe shingo saba kwanza. Na milio ya bunduki imekwisha.

Akapiga hivyo hivyo. Mara tatu, wazi, kila mtu asikie. Kufuli likakatika.

"Vuteni! Saidianeni, vuteni!"

Hakuna aliyevuta. Wa kwanza alichomoka akakimbilia uani. Wa pili naye. Wa tatu akamkanyaga wa nne. Usiwalaumu. Bartolomayo alivuta peke yake, pingili kwa pingili, vidole vinatoka damu, na uani filimbi ikaanza kulia. Wa sita akaenda. Wa saba alikuwa mzee wa Kilimatinde, mwembamba. Huyu pekee alipofunguka hakukimbia. Alishika mnyororo, wakauvuta pamoja mpaka ukatoka shingoni mwa Sila.

"Mpeleke," mzee akasema, akakaa tena chini. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

Sila alisimama, akaanguka. Miguu ilikufa ganzi. Bartolomayo akambeba mgongoni, akapita ukumbini, akakanyaga vioo vilivyotapakaa toka chumba cha sarafu, akafika jikoni.

Mlango ulikuwa umefungwa. Komeo la nje.

"Waridi! Ni mimi!"

"Niache nimfungulie!" Sauti ya Waridi, nje, analia. "Bwana Swedi, niache! Ana mtu mgongoni, nimemwona kwenye vyuma vya dirisha!"

"Karani." Swedi alikuwa karibu sana, mdomo kwenye ubao. Hakupiga kelele. "Nimeing'ata moja. Ndani ni madini ya risasi. Imepakwa rangi juu. Ulisoma?"

Bartolomayo alitaka kudanganya, akakosa nguvu.

"Nilisoma. Nisamehe. Huyu ni mdogo wangu, kesho wanamnyonga. Fungua, kaka Swedi. Nifanye unavyotaka baadaye."

"Ungeniambia."

"Ungekuja?"

Ngoma bado zinalia uwanjani.

"Sijui," akasema Swedi. "Hukuniuliza."

Nyayo zikaondoka, za Swedi nzito, za Makame, na za Waridi zikiburutwa. Bartolomayo alitupa bega kwenye mlango. Mbao za mvule, kazi ya Wajerumani. Akatupa tena. Nyundo aliiacha gerezani. Akamshusha Sila taratibu akamwegemeza penye joto la jiko.

"Kaka," Sila akasema. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza mwezi mzima. "Mlango una nini?"

"Umekwama kidogo. Utafunguka sasa hivi."

Sila akaitikia kwa kichwa, akaanza kujikanda miguu ili awe tayari kukimbia. Ukumbini, buti zilikuwa zinakanyaga vioo.