Usiitike, Mama Justa

Mtu mwenye mpira kooni hasemi. Kokulinda alielezwa hivyo siku ile ile mumewe, Muganyizi, alipoangushwa na kiharusi na kulazwa hapa Mwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi: mpira wa kupumulia umepita kati ya nyuzi za sauti, hata kuguna hawezi. Sasa mchana kweupe, saa ya kuona wagonjwa, akasikia, "Mama Justa."

"Abee," akaitika. Mazoea mabaya! Mama yake kule Bukoba alimkanya tangu utotoni kwamba ukiitwa na usiyemwona uso, nyamaza.

Midomo ya Muganyizi haikutikisika. Sauti ilitoka chini ya kitanda, pamoja na harufu ya tope la ziwani, kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Mama Justa, nishapona. Vuta hili dude."

Akaitika tena, maana sauti ilikuwa ya mumewe kabisa, na kila alipoitika ilizidi kusogea, ikawa kitandani, ikawa begani kwake, ikambembeleza kwa maneno ambayo mume humwambia mkewe tu, hadi vidole vyake vikaanza kubandua plasta iliyoshika ule mpira bila yeye kujua ameanza saa ngapi.

Muganyizi akamkamata kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu. Macho yalikuwa yamemtoka. Akatikisa kichwa.

"Mama, unataka kumuua?" Sista Dorcas, muuguzi, alifika mbio. "Huko ndani kuna puto limejazwa hewa, ukivuta hivyo unamchana koo. Na kama hawezi kukohoa, atapaliwa na mate yake mwenyewe." Kisha akauona ule mkono. "Kumbe anakamata! Mzee, nikamate na mimi. Haya, inua kichwa. Kohoa."

Muganyizi akakohoa.

Kesho yake asubuhi, baada ya kumpima akipumua mwenyewe, wauguzi wakamkalisha, wakamvuta makohozi kwa mashine, wakatoa hewa kwenye puto, na mpira ukatoka salama. Kokulinda alilia kwa furaha, bila aibu. Mumewe anaishi!

Muganyizi akamvuta karibu. Sauti yake ilikwaruza, ya mtu aliyechoka.

"Yule anayekuita... usimwitikie tena."

"Sitaitika, Baba Justa."

Harufu ya tope ikarudi. Chini ya kitanda, sauti ya Muganyizi, nzima, isiyo na mkwaruzo, ikaita, "Mama Justa."

Kokulinda akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akamtazama mumewe, naye akimtazama yeye.

"Abee," ikajibu sauti ya Kokulinda, kutoka huko huko chini.