Mtu wa Kuarifiwa

Foleni ya mapokezi ilikuwa imefika mlangoni, na kompyuta imemgomea muuguzi mpya. Alivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, na viatu vya manjano ambavyo hakuna hospitali inayoviruhusu. Wagonjwa wanaguna, yeye anabonyeza. Ndipo fundi wa mtandao akatokea, shati jekundu limechomekwa, funguo zinalia kiunoni.

"Wewe ndiye Fundi? Mbona nilitarajia mzee?"

"Na mimi nilitarajia muuguzi mwenye subira."

"Subira nilikuja nayo. Imeisha saa mbili na nusu."

Fundi akacheka, akavuta kiti. Pale hospitalini kila mfanyakazi ana ukurasa wake kwenye saraka, yaani lile daftari kubwa linalokaa ndani ya mashine kuu: jina, wodi, simu, neno la siri lililofichwa, na mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea. Bila ukurasa, hakuna kompyuta itakayokufungulia. Kuujaza wote ni kazi ya nusu saa. Fundi, kwa ujuzi wake na kwa kutaka kuonekana, akanakili ukurasa wa muuguzi aliyeacha kazi, akabadilisha jina na simu, basi. Dakika mbili.

"Tayari, Viatu."

"Viatu ndiye nani?"

"Mwenye navyo."

Ndivyo walivyoanza. Miezi mitano baadaye simu zao za mchana hazikuwa na mwanzo wala mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila sauti yako sijaishiba."

"Muongo mkubwa! Hebu fanya kazi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Shangazi aliyemlea Viatu tangu utotoni alikubali kumpokea mchumba. Fundi alishanunua pete, alishamwonyesha mama yake, na mama alishalia machozi ya furaha.

Ijumaa asubuhi Viatu akapiga. "Laazizi, nimehamishiwa wodi ya watoto. Nibadilishie kwenye ukurasa wangu, nimekwama huku."

"Sasa hivi, malkia."

Akaufungua ukurasa, akabadilisha wodi, akashuka chini. Mtu wa kuarifiwa: mume. Na namba ya simu, tarakimu zote.

"Fundi? Upo?"

"Nipo. Tayari." Akakata.

Aliumia, jamani, asikudanganye mtu. Lakini badala ya kuuliza, bwana mkubwa akavimba. Mume! Na pete je? Na machozi ya mama? Jumamosi akazima simu, akajifungia ndani. Huko kwa shangazi mapazia yalikuwa yamefuliwa, na chai ikapoa mezani.

Jumatatu Viatu akaingia chumba cha mitambo bila kubisha hodi, macho mekundu.

"Shangazi yangu kakaa mlangoni mpaka saa kumi. Nimekukosea nini?"

"Kamuulize mumeo."

"Mume gani?"

Fundi akamgeuzia skrini. Viatu akasoma, akasoma tena, akavuta kiti.

"Piga hiyo namba. Weka sauti juu."

Akapiga. Mwanamume akaitika: "Hospitali tena? Jamani, mke wangu kaacha kazi huko tangu mwaka jana. Mpaka leo mna namba yangu?"

Simu ikakatika. Mitambo ikaendelea kuvuma.

"Ukurasa wangu aliujaza nani?" Viatu akauliza taratibu.

Saraka haisahau, chini kabisa ina tarehe na jina la aliyeufungua ukurasa. Fundi hakuhitaji kulisoma. Aliikumbuka ile foleni na zile dakika mbili alizojisifia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Mimi," akasema. "Nisamehe, mpenzi."

"La kunakili nimelisamehe, foleni ilikuwa ndefu. Lakini uliisikiliza mashine, mimi hukuniuliza hata neno moja. Hilo limeniuma. Futa."

Akafuta. Mashine ikakataa kuhifadhi. Nafasi ile haikubali kuachwa tupu. Fundi akamtazama kwa matumaini, vidole tayari kwa namba yake mwenyewe. Viatu akamsogeza pembeni, akaandika ya shangazi.

"Yako itaingia siku shangazi akiridhika. Na kwenda, utakwenda peke yako."

Jumamosi, saa nne kasoro, Fundi alikuwa kizingitini, suti ya kijivu, pete mfukoni. Shangazi akafungua mlango nusu, akamtazama juu ya miwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwoza mwanangu bila mimi kujua?"

Ndani mtu akacheka, akaziba mdomo.

"Ndimi, shangazi. Nimekuja kusahihisha. Nampenda, nataka awe mke wangu, na safari hii nimekuja kuuliza."

Shangazi akaufungua mlango wote. "Kuuliza si ujinga. Ingia umuulize mwenyewe."

Viatu alikuwa amesimama kando ya pazia, gauni la buluu, viatu vya manjano. Fundi akaitoa pete. Akauliza, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Nimekubali," Viatu akasema, machozi yakimtoka. "Na Jumatatu namba yako nitaiandika mwenyewe. Wewe kwenye ukurasa wangu usiguse tena kitu."