Alama Mkiani

"Maharage yameungua."

Redio ya Motorola ilikwaruza mara moja, ikanyamaza.

Lavinia Stanwood, askari wa doria ya uvuvi, alimaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja na kukanyaga mafuta. Pikapu yake, Ford F-150, iliruka barabarani.

Ujumbe ule ulikuwa na maana moja tu. Lori la Krall limeshatoka bandari ya Tarbell Cove, na ndani yake mna kambakoche majike elfu mbili, wazazi wa ghuba nzima.

Krall alikuwa mgeni mwenye viatu vya kung'aa. Alifika pwani ya Maine majira ya kuchipua, akawa ananunua kitu ambacho pwani ile imekataa kuuza tangu enzi za mababu: majike wenye mayai. Mayai yanasuguliwa kwa brashi na dawa ya madoa, jike anabaki msafi, anapita ukaguzi kama kambakoche mwingine yeyote. Ndege ya mizigo ingeondoka Bangor saa nane mchana. Sasa ilikuwa saa saba na dakika kumi. Ikiruka, Tarbell Cove inabaki bila mbegu.

Thubutu!

"Mnara, hapa Chaza. Namwona."

"Chaza, sikiliza," mkuu wake alijibu kutoka makao makuu. "Kama karatasi zake ni safi na hakuna mayai, mwachie. Maabara inataka siku tatu kuitambua dawa, na sisi hatuna hata saa moja."

"Sijasikia vizuri."

"Umesikia vizuri sana, Lavinia. Mwachie!"

Alizima redio.

Barabara ya Tisa ilikuwa tupu, mashamba ya vichaka vya bluberi yamepiga wekundu pande zote. Alilifikia lori kwenye kilima cha tatu. Lori likamsukuma pembeni. Akapunguza mwendo, akatoa bastola yake ya Glock dirishani.

Risasi moja.

Tairi la mbele lilipasuka, lori likayumba hadi vichakani na kusimama. Krall akashuka huku akitabasamu. Kisha akashuka dereva.

"Mjomba Orrin?"

Orrin Dobbins, kaka wa mama yake. Mtu aliyempandisha boti akiwa na miaka minane na kumfundisha: ukimwona jike mwenye mayai, mkate alama ya V kwenye pezi la mkia, mrudishe majini. Tangu siku hiyo ni wa bahari. Atakayemnasa baadaye, hata kama hana yai hata moja, lazima amrudishe.

"Usinitazame hivyo, Vinnie," Orrin alisema. "Bahari inachemka. Kambakoche wanahamia Kanada. Miaka kumi tu, hatutakuwa na hata mmoja! Silali kwa kuwaza. Nikasema, acha nipate changu kabla hawajaisha."

"Kwa hiyo bahari ikiugua, wewe unawahi kuizika?"

Orrin akageuzia uso mashambani.

"Ugomvi wa familia baadaye," Krall alisema. "Karatasi hizi hapa. Lori jingine linafika baada ya robo saa. Tafuta yai, bibie. Moja tu."

Lavinia alifungua sanduku la kwanza. Halikuwa na yai. La pili. La tano. Harufu ya dawa ilijaa kila sanduku. Alikuwa anamrudisha jike mmoja sandukuni pale kidole gumba kilipogusa pezi la mkia.

Mkato. Tena mbichi.

Alimshika mwingine. Mkato. Mwingine. Mkato! Alipofika wa kumi aliangua kicheko.

"Kuna nini?" Krall aliuliza. "Wamekwaruzwa na mitego hao."

"Mjomba, hebu njoo umwambie mwenzako."

Orrin alimpokea jike, akamgeuza, akasawijika. Mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye ile koleo ndogo ya kukatia alama iliyoning'inia pale miaka arobaini. Siku sita mfululizo alikuwa akigeuza majike huku akili yake iko kwenye ndege. Kila macho yalipoona mayai, mkono ulikata kwanza. Brashi ilifuata baadaye.

"Mkono," alisema polepole. "Mkono haukuniuliza."

"Kuwa na jike mwenye alama hii ni kosa, awe na mayai asiwe nayo," Lavinia alimwambia Krall. "Wewe unao elfu mbili."

Krall akaingiza mkono ndani ya koti. Lavinia akamrushia kifuniko cha sanduku, kikamkuta kwenye kiwiko, bastola yake ya Beretta ikaangukia vichakani, na Glock ikatulia mbele ya pua yake.

"Jaribu tena."

Hakujaribu. Pingu zikalia.

"Na wewe mjomba, leta mikono."

"Hata mimi? Mama yako atanuna!"

"Na anune."

Lori lilibadilishwa tairi, likageuzwa. Saa tisa na nusu watu wa Tarbell Cove walikuwa wamejipanga gatini, wakirudisha majike majini mmoja mmoja, hakuna aliyemsalimu Orrin. Sanduku la mwisho lilipobaki na mmoja, mzee huyo alinyoosha mikono yenye pingu. Lavinia akamfungua pingu ya kulia tu.

Orrin aliinama, akamwachia jike kwenye maji baridi.

"Miaka kumi ijayo watakuwepo, Vinnie?"

"Sijui. Ila hatutawauza wakati tunangoja kujua."

Akaifunga tena pingu ya kulia. Akawasha redio, nayo ikakwaruza papo hapo.

"Chaza! Nilikuambia uwaachie!"

"Nimewaachia, Mnara. Wote elfu mbili."

Akaizima, akaenda zake kutafuta kahawa nyingine.