Mluzi wa Kumwita Ndege

Mwalimu aliirudisha picha yake ya pasipoti, akaibamiza juu ya meza ya studio.

"Fundi, hapa namtazama nani?"

Mpiga picha akainama kuangalia. Pichani, macho ya mwalimu yalikuwa yamepita juu ya bega la mshika kamera, yamemtoka kwa hofu.

"Si nilikwambia utazame kamera?"

"Niliitazama hiyohiyo! Usinifanye mtoto, bwana."

Akampiga nyingine. Macho yaleyale. Wateja waliofuata nao vilevile, na studio ikaanza kunuka matope ya pwani, wakati sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyohiyo.

Tusizungushane: mpiga picha alijua balaa lilikotoka, ila alijitia hamnazo.

Jana yake alikuwa ufukweni, maji yamekupwa. Ndege mgeni, mweupe, mdomo umepinda kama sindano ya magunia, alikuwa ametua mbali kwenye matope, na watu wenye darubini na lenzi ndefu wamejipanga kumtazama. Lenzi yake yeye ilikuwa ya harusi, haifiki popote. Akaona awazidi ujanja. Binti yake, hodari wa mluzi, alikuwa amemwiga ndege yule hadi ukashindwa kutofautisha, naye baba alikuwa ameurekodi mluzi huo kwenye simu. Akaiwasha.

"Zima hiyo," akanong'ona mzee mwenye darubini. "Ukiita, hujui atakayeitika ni nani."

"Mzee wangu, kila mtu na kazi yake."

Ndege akaja. Akatua karibu kabisa, akamkodolea, akapigwa picha mpaka basi. Mpiga picha akageuka kuwaringia wenzake.

"Jua limekupiga, wewe!" wakamcheka. "Ndege hajasogea. Si yule pale?"

Kweli. Alikuwa palepale, mbali, kwenye matope.

Sasa, wateja walipomkimbia, akamkalisha binti yake kwenye kiti cha studio aijaribu kamera. Binti ndiye pekee aliyeitazama sawasawa. Hakupepesa. Mama yake akamwita waje kula, binti akafungua kinywa kuitika, ukatoka mluzi.

"Acha mchezo, mama. Sema 'abee'," baba akamwambia.

Mluzi.

"Baba yake," mke akasema kwa sauti ya chini, mkono mdomoni, "umemfanya nini mwanangu?"

Mganga aliitwa, akaja, akanusa chumba, akakataa kukaa. Aliposimuliwa akaomba kusikia ile rekodi. Mluzi haukuwemo tena. Ulikuwemo upepo, na ndani ya upepo sauti ya binti yao, nyembamba:

"Baba, niko huku kwenye matope. Njoo, maji yanaanza kujaa."

Baba akatoka mbio bila viatu, akapita sokoni akisukuma watu, akashuka ufukweni na kuingia kwenye matope yaliyomfika magotini, akiita, akianguka, akiinuka, mpaka akaziona nyayo ndogo za mtoto zikielekea baharini, akazifuata huku maji yakimkimbilia, na katikati ya uwazi ule, pasipo jiwe wala mti wala mtu, zikakoma.

Aliporudi, mganga alikuwa anafunga mkoba.

"Mfukuze! Si ndiyo kazi yako?"

"Nafukuza wavamizi, ndugu yangu. Huyu umemwita mwenyewe, tena kwa sauti ya mwanao. Amekaa mahali pa mtoto. Nikimtoa, utabaki na mwili mtupu."

"Basi nifute hiyo rekodi."

"Ufute? Na aliyemo humo?"

Mganga akaondoka, hata soda hakugusa. Mke alikuwa sakafuni, ameikumbatia miguu ya binti, na miguu ilikuwa ya baridi, imelowa. Mpiga picha akaishika simu kwa mikono miwili. Hakutaka kuiwasha. Akaiwasha.

"Baba, yamenifika kifuani."

Kwenye kiti, binti akamtazama bila kupepesa, akabana midomo, akapiga mluzi polepole, kwa upole, kama mtu anayemwita ndege asogee karibu.