Kanga Iliyolala Nje

Shati la Elibariki lilinukia udi, na nyumba yao ya Mtoni haikuwahi kufukizwa udi hata siku moja. Apolonia alilinusa kwapani, akalinusa kwenye kola. Mwalimu mzima, kazi yake ya jioni imekuwa kunusa nguo na kupekua simu ya mtu!

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Si nilikuja kula hapa?" Elibariki akacheka. "Ukanipakulia mwenyewe. Yaani siku hizi umebadilika, mke wangu, mpaka raha."

Mchana Apolonia alikuwa shuleni. Kumbe hawara analetwa mpaka ndani, halafu yeye anafanywa mjinga!

Kesho yake akaomba ruhusa, akarudi mapema awafumanie. Jirani yake Ahlam, aliyekuwa akianua nguo uani, alimdaka mkono.

"Shoga," akanong'ona, "wewe si uko ndani? Nimekusikia sasa hivi ukicheka."

Wakatega sikio. Kicheko kilikuwa chake kabisa, kile cha zamani, kabla hajaanza kumchunga mume.

"Ile kanga uliyoitupa siku mlipogombana, uliianua kabla ya magharibi?" Ahlam akauliza.

Hakuianua. Ilikuwa kanga aliyopewa na Elibariki walipochumbiana, na siku ile aliirusha kambani akipiga kelele, "Akavae huyo hawara wako!", wakati hawara hakuwepo, giza likaingia kanga ikiwa pale pale, ikalala nje, na asubuhi alipoikosa akajua vibaka tu wamepita, kumbe aliyepewa alikuwa ameshaipokea na kuivaa.

"Jini huyo," Ahlam akasema. "Marehemu bibi alikuwa akituambia, mume akimtambua mkewe, akamwita kwa jina, yule hana pa kukaa. Nenda. Zungumza naye kwa upole."

Apolonia akabisha. "Mume wangu, ni mie. Nifungulie."

Mlango ukafunguka kidogo, harufu ya udi ikamjaa puani. Elibariki alimtazama juu mpaka chini, na macho yakaanza kumlegea. Alimtambua. Midomo ilikwishafunguka amwite.

Lakini ulimi wa Apolonia ulizoea vingine. "Uko na nani humo ndani?"

Elibariki akashusha pumzi kama mtu aliyechoka sana.

"Nani huyo, mume wangu?" sauti ya Apolonia ikauliza kutoka chumbani, laini, bila wasiwasi wowote.

"Hakuna mtu, Apolonia," akajibu, akafunga mlango.